Moto Usio na Chungu

Nilipopigiwa simu kwamba shangazi amefariki, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuzima taa. Ilikuwa saa nne asubuhi. Chumba changu cha kupanga hakina dirisha linalostahili kuitwa dirisha, na taa ilikuwa inawaka kwa sababu nilikuwa naandika barua ya kuomba kazi, ya ngapi sijui. Mdogo wangu alisema, "Dada, shangazi hatunaye," na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye swichi. Nikabaki nimekaa gizani, simu sikioni, nikisikia mdogo wangu akiuliza kama bado nipo.

Niko hivyo. Jambo ambalo mwenzangu hulimaliza kwa kushusha pumzi, mimi hulifungulia jalada. Njia nzima ya kwenda Kyela nilikuwa nauliza mkono wangu kwa nini ulifanya vile, ingawa jibu nilikuwa nalo tangu mwanzo. Mama yangu alitulea na sheria moja kubwa kuliko zote: ukiitwa ghafla, zima kwanza, ndipo uitike. Nilikuwa nimeitwa ghafla. Na kilichonishtua zaidi ya msiba wenyewe, naona aibu kukiandika, ni kwamba shangazi ndiye mtu pekee niliyewahi kumwambia nilichofanya siku tuliyomzika babu. Sasa nilikuwa nimebaki nacho peke yangu.

Nyumba yetu ilikuwa Bujonde, kati ya mashamba ya mpunga na mikakao, na mama yangu alijulikana pale kama mtu wa moto mdogo. Alizaliwa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi, mahali ambapo alisema kuni zilifuatwa tangu jogoo la kwanza mpaka jua linachoma utosi. Alipoolewa akaja nazo hizo hesabu. Maharage kwake hayakupanda jikoni bila kulala kwenye maji. Chungu hakikukaa bila mfuniko hata kwa kipindi cha kuonja chumvi. Maganda ya kakao, ambayo wengine waliyaacha yaoze shambani, yeye aliyaanika juu ya bati na kuyachoma kama kuni. Na ukishaivisha, hukuacha ukuni uendelee kuwaka ukijitazama wenyewe. Uliuvuta, ukauzungusha kichwa kwenye karai la mchanga mkavu mpaka unyamaze, ukaulaza chini ya upenu, kichwa cheusi kikitazama ukuta. Maji hapana. "Ukuni uliozimwa kwa maji umeuawa," alikuwa akisema. "Uliozimwa kwa mchanga umelala tu. Kesho ukiuamsha unaamka."

Lakini kilichowashangaza watu zaidi ni makapu. Alikuwa na kapu kubwa la mianzi alilolijaza pumba za mpunga, katikati akaacha shimo la chungu. Maharage yakichemka kidogo tu aliyaepua, akayatumbukiza humo na chungu chake, akafunika kwa mfuko wa pumba na kipande cha blanketi, pembe moja ndani, pembe nyingine nje, hewa isipite. Mchana tulifunua, yameiva. Mimi niliamini kapu lile lilikuwa na moto wake wa ndani ambao hauonekani, kama moyo. Kulikuwa na kapu dogo pia, lenye chungu kidogo kilichonunuliwa sokoni Lyulilo, kando ya ziwa, kwa wale wanawake wanaoleta vyungu kwa mitumbwi. Hilo lilikaa chumbani kwa babu, chini ya kitanda, na lilikuwa la uji wake.

Majirani walimtania. Shangazi, dada mkubwa wa baba, aliyeolewa Ikolo na kuja kwetu kwa nadra, alikuwa na ulimi mkali kuliko wote. "Wifi," alimwambia siku moja akiwa bado mlangoni, "kwako hata moshi unaomba ruhusa ya kutoka." Watu wakacheka. Mama akacheka. Mimi nilijua kwamba shangazi hakucheka, kwa sababu alikuwa anatazama jiko lililolala, halafu mlango wa chumba cha babu, halafu jiko tena.

Sikuwahi kuona msiba wa nyumbani kabla ya ule wa babu. Hili nalirudia kichwani kama mshtakiwa anayerudia utetezi. Hakuna aliyekaa na mtoto wa miaka minane akamweleza kwamba kwenye ukoo wetu mtu akifariki, mtoto wake wa kwanza huwasha moto uwanjani mbele ya nyumba, na kwamba moto huo haulali mpaka siku ya kuanua matanga. Nilimwona shangazi akiuwasha. Nilidhani anataka kupika.

Siku ya mazishi watoto wadogo tuliachwa nyumbani. Mama alikuwa wa mwisho kuondoka, alibaki kutugawia uji. Kaburi lilikuwa ng'ambo ya mfereji, ndani kabisa ya mikakao, na nyimbo za kanisani zilitufikia kwa mbali, zikija na kupotea. Moto aliachiwa bibi mmoja mzee wa jirani, aliyekesha siku mbili na sasa amelala ameketi, mdomo wazi. Wenzangu walikimbilia nyuma ya nyumba. Mimi nikapita mbele, nikauona.

Gogo la mwembe nene kuliko kiuno changu. Kuni nne zimelizunguka. Zote zinawaka, mchana kweupe, jua kali la Kyela linalotosha kuchemsha bwawa. Hapakuwa na chungu, wala sufuria, wala hata muhindi mmoja pembeni. Nilishtuka kama mtu aliyekuta ng'ombe wa watu kwenye mpunga. Kuni za wiki mbili zilikuwa zinaisha mbele ya macho yangu, na mama hayupo.

Nililikokota karai la mchanga kutoka jikoni. Nilizivuta kuni moja moja, nikazizungusha vichwa mpaka zikanyamaza, nikazilaza chini ya upenu zikitazama ukuta. Gogo lilinishinda. Nikalirundikia mchanga, nikarudi na mwingine, na mwingine, mpaka ule moshi wa mwisho ukajikunja na kukatika. Harufu ya mchanga wa moto sijui kama wengine wanaijua. Ni kama harufu ya mvua, ila imeungua. Nilikaa kando ya yule bibi, mikono yangu inanuka hivyo, nikamsubiri mama aje anisifu.

Walirudi wakiimba. Walipotokea kwenye mikakao wimbo ulikatika kwa wa mbele kwanza, halafu kwa wa kati, halafu kwa wa nyuma ambao hawakujua kwa nini, kama mvua inavyohama kutoka bati hadi bati. Shangazi alitangulia. Alisimama juu ya lile rundo la mchanga na kanga yake ikadondoka begani, asiiokote.

"Nani?" alisema. Hakupiga kelele. "Nani amemzimia baba yangu moto?"

"Mwe!" Yule bibi aliamka, akashika kichwa. "Mwe, mimi sijaona mtu!"

Hakuna aliyenyoosha kidole. Hawakuhitaji. Vichwa vyote viligeuka kwa mama yangu kama mpunga unavyogeuka upepo ukipita. Yeye hakuwa anawatazama. Alikuwa anatazama upenu, zile kuni nne zimelala kwa mstari. Kisha akatazama mikono yangu. Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua, ila ulikuwa mkavu kama pumba.

"Ni mimi, wifi," mama alisema. "Nilikuwa wa mwisho kutoka. Mkono umezoea."

Hapo ndipo nadhani akili yangu ilipoanza hii tabia yake ya kuzunguka. Mama hakuwa mwongo. Hilo nililijua kuliko nilivyojua jina langu. Kama mama anasema ni yeye, basi ni yeye. Basi mimi nilizima nini? Nilijaribu kila njia. Labda alitoka kaburini kidogo, akauzima, akaondoka, ukajiwasha, nami nikauzima tena. Labda nililala kando ya bibi nikaota. Nilinusa mikono yangu ili nipate uhakika, na kila niliponusa uhakika ulinitisha zaidi.

"Mkono umezoea," shangazi alirudia. "Wifi, nilikuja hapa baba yangu mgonjwa ndani, nikakuta jiko limelala, baridi, majivu ya jana. Nikanyamaza. Nikasema mgeni, atajifunza. Kumbe hata kaburini unambania kuni!"

"Dada," baba alianza.

"Usiniite dada! Tukianua matanga, huyu arudi kwao ng'ambo. Akajifunze moto ni wa nini. Akishajua, aje na wazee wake watuambie."

Baba akainamisha kichwa. Wazee wa ukoo walitazamana, na hakuna aliyesema hapana. Shangazi alipiga magoti, akafukua mchanga kwa mikono mitupu, akawasha upya. Machozi yake yalidondoka kwenye kaa, na niliyasikia yakilia.

Kesho yake mama alipika kama kawaida, na hakuna aliyekula. Wanawake walipokea vyungu vyake kwa mikono miwili, kwa adabu zote, wakaviweka pembeni. Jioni vilikuwa bado vimejaa, na kile cha ndani ya lile kapu lisilochoka bado cha moto. Mama alikaa kando yake anaikunja na kuikunjua kanga mapajani. Nilikuwa nimeuona mto Songwe mara moja, wa rangi ya udongo, na niliamini mtu akivuka akiwa amefukuzwa maji hufunga nyuma yake. Na kama hilo halikutosha, nilimsikia bibi mmoja akimwambia mwenzake, "Mzee wa watu amelala na baridi."

Babu ana baridi. Hili lilikuwa jambo ninaloweza kulirekebisha.

Siku ya tatu, alfajiri, mama alipika uji, na kwa mazoea akaujaza chungu kidogo na kukifunga kwenye kapu dogo. Nilimwona akigutuka katikati, akabaki ameshika blanketi, halafu akaondoka ghafla kwenda nyuma ya nyumba. Asubuhi watu walipokuwa kwenye maombi nilibeba kapu lile kifuani, nikavuka mfereji. Kaburi lilikuwa tuta la udongo mbichi. Nililiweka kapu upande wa kichwa. Kisha nikatandua lile blanketi, nikaanza kulichomeka kwenye udongo, pembe moja ndani, pembe nyingine nje, hewa isipite.

"Gwe!"

Shangazi alikuwa amesimama kwenye mikakao. Nadhani alikuja kulia peke yake. Alitazama kapu, akanitazama mimi, akarudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni. Leo nikiwa mtu mzima najua alichokiwaza: uchawi. Kapu la mtu juu ya kaburi la siku tatu. Nani asingewaza hivyo?

"Nani amekutuma? Mama yako?"

"Hapana."

"Usinidanganye, gwe mtoto! Kuna nini humo?"

"Uji wa babu. Ana baridi kwa sababu nimemzimia moto."

"Nani amemzimia?"

"Mimi, shangazi. Haukuwa na chungu."

Ndege fulani alikuwa anapiga kelele juu yetu, na nilitamani anyamaze ili nijue nimehukumiwa nini. Shangazi alikuja pole pole, akachuchumaa, akaingiza mkono kapuni kama mtu anayepapasa shimo la nyoka. Uso wake ulibadilika.

"Huu wa lini?"

"Wa alfajiri. Mama akishapika moto unalala mpaka mchana. Ila babu akitaka uji saa yoyote unakuwepo, wa moto. Alikuwa anajifunulia mwenyewe, haiti mtu."

"Kila siku?"

"Kila siku. Tangu miguu yake ilipovimba."

Shangazi alikaa chini, kwenye udongo, na nguo yake ya msiba. Mkono hakuutoa kapuni. Alisema kitu kwa Kinyakyusa, taratibu, hakikuwa kwangu, na nilipoelewa kwamba anaongea na babu niligeuza uso. Baadaye akanishika shingo, si kwa ukali.

"Mama yako anajua kwamba ni wewe?"

"Hajui. Yeye anadhani ni yeye."

Alinitazama kwa mshangao ambao sikuuelewa, na kidogo, nusura, acheke. "Basi na asijue. Usimwambie mtu. Mtoto aliyezima moto wa msiba watamtaja mpaka aolewe, na baada ya kuolewa watamtaja kwa wakwe. Umenisikia? Hili nimelibeba mimi."

Alilitwika kapu kichwani, akatembea nalo mpaka uwanjani, akapita kati ya wazee, akalishusha miguuni pa mama. Watu waliacha kutafuna. Mama alisimama, amejiandaa kwa lolote.

"Wifi," shangazi alisema, "nina njaa."

Akanywa uji ule mpaka mwisho, akafuta chungu kwa kidole kama mtoto, wote wakitazama. "Ndaga fijo," alimshukuru. Kisha akafunua kapu kubwa, akajipakulia maharage pia. Akageuka, akawauliza wanawake wengine, "Nyie mnafunga?" Na wakaja na sahani zao. Matanga yalianuliwa, na hakuna aliyemtaja mtu wa kuvuka mto.

Nililitii neno la shangazi kuliko nilivyolitii neno la mtu yeyote. Nilikwenda shule nalo, nikaenda chuo nalo. Likizo nikirudi, namtazama mama akizungusha ukuni kwenye mchanga, najiuliza: je, anaamini mpaka leo kwamba alimzimia baba mkwe wake moto? Je, anaomba msamaha kwa kosa langu usiku akisali? Nilipanga kumwambia nikimaliza mitihani. Nilipanga kumwambia nikipata kazi, kama vile kazi ingekuja na mdomo mwingine.

Ikolo nilifika mchana, mvua nyepesi inanyesha. Moto wa shangazi ulikuwa uwanjani chini ya turubai. Aliuwasha binti yake mkubwa. Mama alikuwa amekaa kando ya moto kwenye mkeka, mdogo kuliko nilivyomwacha, mvi zimetokeza chini ya kitambaa. Nilimpigia magoti kumsalimu, na kabla sijaulizwa habari za safari nilisikia sauti yangu.

"Mama, ule moto wa babu. Ni mimi niliyeuzima."

Alinitazama. Kisha akafanya kitu ambacho sikukiweka kwenye jalada lolote kati ya yote niliyofungua: alicheka, msibani, akajiziba mdomo kwa kanga.

"Mwanangu, nilijua kabla sijafika uwanjani. Kuni zimelala kwa mstari, vichwa vinatazama ukuta. Nchi hii yote, wanaozima moto namna ile walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mimi, na mimi nilikuwa kaburini."

Nilibaki nimepiga magoti. Miaka yote nilikuwa namhurumia kwa ujinga ambao hakuwahi kuwa nao.

"Nisichokijua mpaka leo," aliendelea, na kicheko kikamtoka usoni, "ni huyu shangazi yako. Alivyokuja na kapu kichwani. Nilimuuliza mara mbili, akaniambia njaa haina maelezo. Nikajua ni huruma. Ameona nimeinama vya kutosha, akanihurumia mbele za watu. Nikamshukuru, lakini nakuambia kweli, hapa moyoni sikumfungulia. Alikuwa anakuja kwetu, nampikia, anakula, nasema kimoyomoyo: kula, mwenye huruma."

Hapo ndipo nilipopigwa. Siri niliyodhani naibeba peke yangu, kumbe mama naye alikuwa anabeba nusu nyingine. Na mwenye jibu alikuwa ndani, amelazwa, wanawake wanamwimbia.

Nikamwambia. Blanketi kwenye udongo, mkono kapuni, *kila siku?*, tangu miguu ilipovimba. Nilimwambia kwamba shangazi alikaa chini kwenye matope na nguo yake ya msiba. Nilimwambia kwamba alinikataza kusema ili nisitajwe, na kwamba nililishika lile katazo hata pale ambapo mtu mzima angejua limeshamaliza kazi yake. Nilipofika mwisho macho ya mama yalikuwa kwenye mlango wa nyumba.

"Kwa hiyo alijua," alisema. "Uji wa baba. Alijua."

"Alijua."

"Na mimi nikamwekea kinyongo ndani ya chakula."

Mvua iligonga turubai. Mama alisimama kwa kushika bega langu, akaenda kwenye rundo la kuni pembeni ya ukuta, akachagua gogo kavu, nene, la aina ambayo nyumbani kwetu lingepasuliwa vipande sita na kutumika mwezi mzima. Alilikokota mwenyewe akakataa nimsaidie, akalisukuma motoni. Cheche zikaruka. Akarudi akachukua la pili.

"Mama," nilisema, kwa sababu mdomo wangu nao umezoea, "moto huo hauna chungu."

"Nauona," alijibu, akaenda kuchukua la tatu.